Geoffrey Spicer-Simson

Geoffrey Basil Spicer-Simson (Hobart, Tasmania, 15 Januari 1876 – British Columbia, Kanada, 29 Januari 1947) alikuwa afisa wa Jeshi la Majini la Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuongoza msafara uliosafirisha mashua mbili za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, kutoka London hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa ya nchi kavu. Mashua zilibebwa kwa treni, zikavutwa juu ya tela kupitia milima ya Katanga, zikaelea mtoni juu ya mapipa, kisha zikapanda treni tena hadi ziwani. Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi: la kwanza halikufika nusu saa. Kwa hiyo wanahistoria wengi huona kwamba kazi kubwa ya Spicer-Simson ilikuwa kufikisha mashua nzima mahali ambapo adui hakuzitegemea. Kazi hiyo ilitegemea mamia ya wafanyakazi Waafrika ambao majina yao hayajulikani.

Maisha ya awali

Spicer-Simson alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia. Alipokuwa bado mtoto familia ilirudi Ulaya na kukaa Ufaransa. Ndiyo sababu alizungumza Kifaransa vizuri, jambo lililomsaidia baadaye alipofanya kazi na Wabelgiji katika Kongo. Kaka yake, Theodore Spicer-Simson, alikuwa mchongaji aliyejulikana kwa kutengeneza medali zenye sura za watu mashuhuri.

Alijiunga na jeshi la majini mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 14. Katika miaka iliyofuata alifanya kazi ya kupima maji na pwani, yaani kuchora ramani za kina cha maji, mikondo na miamba kwa ajili ya mabaharia. Alishiriki katika kazi ya kupima mpaka wa Borneo ya Kaskazini, alifanya kazi kwenye mto Yangtze nchini China, na kabla ya vita alikuwa akipima mto Gambia katika Afrika ya Magharibi. Mwaka 1902 alimwoa Amy Baynes-Reed, aliyetoka British Columbia.

Kupanda vyeo kwake kulikuwa kwa polepole. Alipata ajali kadhaa akiongoza meli, na wenzake walimwona kuwa mtu wa kujisifu. Vita ilipoanza mwaka 1914 alipewa usimamizi wa meli ndogo kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba 1914 manowari ndogo HMS Niger, iliyokuwa chini yake, ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na mji wa Deal na kuzama, wakati yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu. Baada ya tukio hilo alihamishiwa ofisini London, na ilionekana kwamba hatapewa tena meli ya kuongoza.

Ziwa Tanganyika na Bandari ya Dar es Salaam

Ili kuelewa kwa nini Uingereza ilibeba mashua kupitia milima, ni lazima kwanza kutazama Bandari ya Dar es Salaam. Njia fupi ya kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika ilianzia hapo. Reli ya Kati, yenye urefu wa takriban kilomita 1,250, ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Tabora, na ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Kitu chochote kilichoweza kuingia kwenye behewa kiliweza kufika ziwani kwa siku chache.

Wajerumani waliitumia njia hiyo vizuri. Meli Graf von Götzen ilijengwa na kampuni ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Baada ya kujengwa ilifunguliwa tena vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, na kupelekwa Dar es Salaam kwa meli. Kutoka bandarini makasha yalipakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ambako mafundi waliiunga upya. Iliingizwa majini mwezi wa Februari 1915, ikaanza kazi ya kijeshi mwezi wa Juni mwaka huohuo. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi, na hakuna chombo kingine ziwani kilichoifikia kwa ukubwa.

Meli ndogo Kingani, iliyopewa jina la mto unaoitwa leo Ruvu, nayo ilitumika kwanza kwenye pwani, kisha ikapelekwa Kigoma kwa reli. Meli ya tatu, Hedwig von Wissmann, ilikuwa ziwani tangu miaka ya kabla ya reli.

Mabaharia pia walitoka Dar es Salaam. Mwezi wa Agosti 1914 manowari za Kiingereza zilifika mbele ya mji na kupiga mnara wa simu ya upepo. Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili adui asiweze kuingia. Waliizamisha pia Möwe, meli yao ya kupima bahari. Wanamaji wa Möwe, wakiongozwa na Gustav Zimmer, walipanda treni kwenda Kigoma na kuwa wanamaji wa ziwa. Baadaye mzinga mmoja wa manowari Königsberg, iliyoharibiwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, ulifungwa juu ya Graf von Götzen.

Kwa njia hiyo Wajerumani walitawala ziwa lote. Mwezi wa Agosti 1914 waliiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune, na mwezi wa Novemba waliizamisha meli ya Kiingereza Cecil Rhodes. Waliweza kupeleka askari popote ufukweni, kutisha Kongo ya Kibelgiji na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), na kulinda mwisho wa reli yao. Mradi Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, Waingereza walipaswa kutafuta njia nyingine.

Mpango wa John Lee

Wazo la njia nyingine lilitolewa na John Lee, mwindaji aliyezifahamu nchi za Afrika ya Kati. Mwezi wa Aprili 1915 alifika kwenye wizara ya jeshi la majini mjini London na kueleza kwamba meli za Wajerumani zingeweza kushindwa na mashua ndogo zenye kasi. Meli kubwa isingepita milimani bila kufunguliwa, na kuiunga upya karibu na adui kungechukua miezi. Mashua ya mita 12 ingeweza kufika ikiwa nzima na kuwa tayari kwa vita siku chache baada ya kuingia majini.

Mpango ulikubaliwa, lakini Lee hakuwa afisa wa jeshi la majini na hakupewa uongozi. Ulipewa Spicer-Simson, kwa sababu alikuwapo ofisini na hakuwa na kazi nyingine muhimu. Kikosi kilikuwa cha watu wasiozidi 30. Kati yao walikuwemo daktari Hother McCormick Hanschell, na Arthur Wainwright aliyekuwa na uzoefu wa reli na mashine.

Lee alitangulia Kongo ili kuchagua njia na kusimamia ufyekaji wa barabara. Kabla mashua hazijafika alilaumiwa kwa ulevi na kutoa siri, naye Spicer-Simson akamwondoa katika msafara. Wanahistoria hawakubaliani juu ya ukweli wa mashtaka hayo, ila ni wazi kwamba mashua zilipita katika njia aliyoichagua yeye, na kwamba hakupata heshima yoyote katika ushindi uliofuata.

Mashua Mimi na Toutou

Mashua zote mbili zilijengwa na kampuni ya Thornycroft. Awali zilikusudiwa kutumiwa na Ugiriki kuhudumia ndege za majini. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.4, mwili wa mbao ya mahogani, na injini mbili za petroli zenye nguvu farasi 100 kila moja. Mbele ulifungwa mzinga mdogo wa Hotchkiss na nyuma bombomu aina ya Maxim. Zilikuwa na kasi kuliko meli yoyote ya Wajerumani ziwani, lakini hazikuwa na ngao ya chuma. Risasi moja ya mzinga ingetosha kuizamisha.

Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake walikataa, kwa hiyo alichagua Mimi na Toutou, maneno ambayo watoto wa Kifaransa hutumia kwa wanyama haohao. Jina Mimi halihusiani na neno la Kiswahili linalofanana nalo.

Safari ya nchi kavu

Mashua ziliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915 zikiwa juu ya sitaha ya meli Llanstephan Castle, zikafika Cape Town mwanzoni mwa Julai. Kutoka hapo zilipakiwa kwenye mabehewa na kwenda kaskazini kupitia Bulawayo hadi Elisabethville (leo Lubumbashi), zikafika mwisho wa reli huko Fungurume mwanzoni mwa mwezi wa Agosti.

Kazi ngumu ilianza Fungurume. Kati ya hapo na Sankisia, ambako reli nyingine ndogo ilianza, palikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori pamoja na milima ya Mitumba, yenye kimo cha takriban mita 1,800. Hapakuwa na barabara. Wafanyakazi walikata miti, walivunja miamba, walijaza mashimo na kujenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo juu ya vijito na makorongo.

Kila mashua ililala ndani ya kiunzi cha mbao kilichowekwa juu ya tela. Mwili wa mashua umeundwa kushikiliwa na maji kutoka pande zote. Ikiwekwa juu ya nchi kavu, uzito wote huangukia sehemu chache zinazogusa kiunzi. Injini ndizo zilizokuwa nzito kupita vyote, nazo zilikuwa ndani ya mwili. Kila gurudumu lilipoanguka katika shimo, injini zilisukuma mkuku na mataruma kwenda chini. Kiunzi kilipaswa kupokea uzito huo na kuupeleka kwenye fremu ya tela, la sivyo mbao zingepasuka. Jua nalo lilikuwa hatari: mbao ya mashua ikikauka husinyaa na viungo vyake hufunguka.

Msafara uliondoka Fungurume tarehe 18 Agosti 1915. Tela zilivutwa na injini mbili kubwa za mvuke zinazotembea barabarani. Zilikuwa na nguvu, lakini uzito wake ulikuwa tatizo, na baadhi ya madaraja hayakuweza kuzibeba. Zilihitaji pia kuni na maji mengi wakati wa kiangazi. Penye uhaba wa maji, wanawake wa vijiji vya jirani waliyabeba kwa vyombo vichwani kutoka mbali ili kujaza matangi ya injini.

Mashine ziliposhindwa, maksai walifungwa kwa makumi mbele ya tela, nao watu walivuta kamba pamoja nao. Kwenye miinuko mikali kamba zilipitishwa kwenye kapi zilizofungwa katika miti mikubwa. Kwenye miteremko kazi iligeuka: kamba zilifungwa nyuma, na watu na wanyama walizuia tela isikimbie na kuivunja mashua. Siku nyingine msafara ulienda kilomita chache tu.

Mashua zilifika Sankisia tarehe 28 Septemba, baada ya wiki sita. Treni ndogo ilizipeleka Bukama kwenye mto Lualaba. Maji ya mto yalikuwa yamepungua, hivyo mapipa matupu yalifungwa kwenye mashua ili zielee juu zaidi na rafadha zisigonge mchanga. Hata hivyo zilikwama mara nyingi, na watu waliingia majini kuzisukuma. Sehemu iliyobaki ya mto walisaidiwa na meli ya mvuke. Kutoka Kabalo zilipanda treni ya mwisho, na mwisho wa mwezi wa Oktoba 1915 zilifika Lukuga, karibu na mji wa leo wa Kalemie, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika.

Kufika zikiwa nzima hakukutazamiwa na wengi. Ripoti za msafara hutaja maafisa kwa majina, lakini Waafrika waliofyeka njia, kuvuta kamba na kubeba maji hutajwa kwa idadi tu.

Mapigano ziwani

Mashua zilifichwa nchi kavu wakati Wabelgiji na Waingereza walipojenga bandari ndogo ya mawe huko Kalemie. Wajerumani walihisi kwamba kuna jambo. Mwanzoni mwa Desemba afisa wao Job Rosenthal alikamatwa alipokuja kuchunguza bandari hiyo usiku. Mimi na Toutou ziliingizwa majini siku chache kabla ya Krismasi.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilionekana ikipita karibu na Kalemie. Mashua mbili zilitoka na kuifuata kutoka nyuma. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga kuelekea mbele tu, kwa hiyo meli ilipaswa kugeuka ili kujitetea, na mashua zenye kasi hazikuipa nafasi. Baada ya takriban dakika 11 nahodha wake alikuwa ameuawa pamoja na wengine, na meli ilisalimu amri. Ilivutwa hadi Kalemie, ikatengenezwa na kupewa jina Fifi. Spicer-Simson alithibitishwa katika cheo cha kamanda, na mfalme George V alituma pongezi.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta habari za Kingani. Spicer-Simson aliifuata akiwa ndani ya Fifi, pamoja na Mimi. Kwa kuwa Fifi ilikuwa na mwendo mdogo, Mimi ilitangulia na kuichelewesha meli ya Wajerumani kwa kuipiga kutoka mbali. Hatimaye Hedwig von Wissmann ilipigwa na kuzama, na wengi wa mabaharia wake walikamatwa.

Baada ya Februari 1916

Siku iliyofuata Graf von Götzen ilipita mbele ya Kalemie ikimtafuta mwenzake. Maafisa wa Spicer-Simson walitaka kutoka kuishambulia, lakini alikataa. Uamuzi huo umejadiliwa tangu wakati ule. Wanaomtetea husema kwamba mzinga wa Graf von Götzen ungeweza kuvunja mashua za mbao kabla hazijakaribia. Wanaomlaumu husema kwamba aliogopa kuharibu sifa aliyoipata. Hakupigana naye kamwe.

Badala yake alisafiri hadi magharibi mwa Kongo kutafuta chombo kikubwa zaidi, akarudi miezi kadhaa baadaye na boti ya chuma iliyoitwa St George. Mwezi wa Juni 1916 alipeleka kikosi chake Bismarckburg (leo Kasanga, mkoa wa Rukwa) kusaidia jeshi lililotoka Rhodesia ya Kaskazini. Alipoona mizinga ya ngome hakukaribia, na Wajerumani walitoroka usiku kwa mitumbwi na majahazi. Baadaye ilionekana kwamba mizinga hiyo ilikuwa magogo tu. Viongozi wa jeshi la nchi kavu walimlaumu vikali.

Graf von Götzen haikuangushwa na mashua. Ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma, na majeshi ya nchi kavu yalisonga kuelekea reli. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na Kigoma. Kabla ya kufanya hivyo mafundi wake walipaka injini grisi nene ili maji yasiziharibu, wakitumaini kurudi siku moja. Dar es Salaam yenyewe ilitekwa na Waingereza mwanzoni mwa Septemba 1916, na njia fupi ya kwenda ziwani ikafunguliwa kwao wakati vita vya ziwani vilikuwa vimekwisha.

Tabia na sifa

Spicer-Simson alikuwa mtu wa ajabu machoni pa wenzake. Alikuwa na michoro mingi mwilini aliyochanjwa, alivuta sigara zenye jina lake, na alipenda kusimulia matendo makubwa ambayo wengi hawakuyaamini. Badala ya suruali alivaa sketi ya kaki iliyoshonwa na mke wake, akisema inafaa kwa nchi ya joto. Kwa sababu ya vazi hilo wenyeji wa Kalemie walimwita Bwana Chifunga-tumbo. Baada ya ushindi dhidi ya Kingani, baadhi ya Waholoholo wanaoishi karibu na ziwa walitengeneza sanamu ndogo zinazomfanana.

Uhusiano wake na Wabelgiji ulikuwa mbaya, ingawa alijua lugha yao. Alitaka kuongoza peke yake kwenye bandari iliyokuwa yao. Maafisa wake waliheshimu ufanisi wa safari, lakini wengi hawakumpenda. Walioandika juu yake wameona tofauti kubwa kati ya mtu wa barabarani na mtu wa ziwani. Njiani alikuwa mvumilivu na hakukubali kurudi nyuma. Majini, baada ya ushindi wa pili, alisita.

Maisha ya baadaye

Alirudi Uingereza mwaka 1916 akiwa mgonjwa. Alipewa nishani ya utumishi bora, na Wabelgiji pia walimpa nishani. Wakati huohuo alikemewa kwa ugomvi wake na Wabelgiji, na hakupewa tena chombo cha kuongoza vitani. Mwaka 1919 alihudhuria mkutano wa amani wa Paris kama mjumbe wa mambo ya majini na mkalimani.

Halafu alirudi kwenye kazi ya ujana wake. Mwaka 1921 ilianzishwa huko Monaco ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, ambayo kazi yake ni kulinganisha ramani za bahari za nchi mbalimbali ili meli zisafiri salama. Spicer-Simson alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1937. Alitoa pia mihadhara juu ya safari ya Tanganyika. Mwishoni alihamia British Columbia, Kanada, alikofariki tarehe 29 Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 71.

Uzito wa injini barabarani

Msafara wa mwaka 1915 hutajwa mara nyingi kama mfano wa tatizo ambalo bado lipo kwa kila anayebeba mashua ya injini kwa barabara. Mimi na Toutou zilikuwa na injini za ndani, kwa hiyo zilihitaji kiunzi chini ya mwili. Injini ya kupachika nyuma ilikuwa bado changa: ile ya Ole Evinrude, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1909, ilikuwa na nguvu farasi 1.5 tu.

Leo mashine za kupachika ndizo za kawaida katika boti ndogo za Tanzania, kutoka Feri jijini Dar es Salaam hadi Kigoma. Mashine ya namna hii huning'inia nje ya ubao wa tezi. Majini husukuma boti mbele, na ubao umeundwa kwa kazi hiyo. Juu ya tela, hasa mashine ikiwa imeinuliwa ili rafadha isiburute chini, kila tuta la barabara huifanya ipande na kushuka kama wenzo, na ubao wa tezi huvutwa mara maelfu hadi ulegee au upasuke. Kishikizo kidogo kinachoizuia mashine isishuke boti inapoegeshwa hakikuundwa kwa mitikisiko ya safari ndefu.

Dawa yake ni ileile ya kiunzi cha Mimi na Toutou: uzito upelekwe kwenye fremu ya tela. Hutumika mhimili imara unaotoka sehemu ya chini ya mashine hadi kwenye fremu, nao hukazwa kwa mkanda ili usiruke. Tezi ya boti hufungwa pia kwenye tela, ili boti, mashine na tela vitikisike pamoja kama kitu kimoja. Kwa mashine ndogo wavuvi wengi hutumia njia rahisi zaidi: huifungua na kuibeba peke yake.

Kumbukumbu

Habari za vita vya ziwani zilimpa mwandishi C. S. Forester msingi wa riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935, iliyotengenezwa filamu mwaka 1951 pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mwaka 2004 mwandishi Giles Foden alitoa kitabu juu ya msafara wenyewe kiitwacho Mimi and Toutou Go Forth.

Kumbukumbu kubwa zaidi ipo Tanzania, nayo ni meli ambayo Spicer-Simson hakuthubutu kupigana nayo. Graf von Götzen iliinuliwa kutoka majini mwaka 1924 wakati wa utawala wa Waingereza. Injini zake zilizopakwa grisi zilikutwa katika hali nzuri, na mwaka 1927 meli ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi baadaye MV Liemba ilibeba abiria na mizigo kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu nchini Zambia. Vipande vyake vilipita Bandari ya Dar es Salaam katika makasha, kwa njia ileile ambayo Mimi na Toutou zilizuiwa kuipita.